Daftari la Jumuiya

Jumamosi, saa moja, kabla jua halijashika bati,
tunakaa juu ya magunia uani kwa Lechipya,
nami, katibu, nafungua daftari la kaya kumi na nane
za Jumuiya ya Mtakatifu Monika, kigango cha Chali, Bahi.
Liliwahi kumwagikiwa uji; doa likapenya
kurasa zote, mahali palepale.

Naita: Nyamwanji. Yupo.
Naita: Masaka. Yupo, na mtoto mgongoni.
Naita: Mdachi Ng'hambi.

Kimya. Kuku anaparua majivu.
Tangu alipozika wawili, mwaka ule mvua ilipogoma,
Mdachi hakanyagi kanisani. Alisema mbele ya padri,
mikono ingali na udongo wa kaburi:
"Huyo Mungu wenu, mwambieni tumeachana."
Ikapita Pasaka, ikapita Noeli, ikapita Pasaka tena.

"Yupo," anajibu Lechipya.

Kila Jumamosi. Miaka sita.
"Mama, huo ni uongo, na tumeshafanya ishara ya msalaba."
"Andika."
"Yuko kilabuni, nimempita sasa hivi."
"Nimekuuliza yuko wapi? Andika."
Niliandika, kalamu ikinung'unika.
Msimu wa zaka aliongeza kibaba cha uwele juu ya chake,
"hiki cha Mdachi," nami nikakata risiti
kwa jina la mtu asiyetaka hata salamu zetu.

Mimi nilidhani upendo wa Mungu ni kama mvua ya huku:
inakuja Desemba, ikitaka,
inaruka shamba hili, inanyesha lile.
Nami nilipanda mapema, nikapalilia,
nikajiona mwenye haki ya wingu.

Halafu ukaja mwaka wangu.
Sitausimulia wote. Wendo alilazwa Mvumi, akarudi bila sauti;
ng'ombe wawili wakawa dawa, wa tatu akawa nauli.
Nikafunga mlango. Kengele yetu, rimu ile ya lori,
ilipogongwa nilivuta shuka masikioni.
Sikusema tumeachana. Sikusema kitu.
Hata kukasirika kunataka nguvu.

Hawakuja na mahubiri.
Walikuja na maji, ndoo mbili, ya chumvi kama yote ya kwetu,
na mlenda uliofunikwa kwa sahani.
Mbukwa, wakasema mlangoni. Wakatua, wakaondoka.

Wiki kumi na nne.
Siku niliporudi, ndevu zikinisema,
Lechipya alinipa daftari bila neno.
Nikatafuta mstari wangu, nikijua nitakuta pengo.
Masaka ndiye aliyekuwa akiita majina,
lakini alama yangu, bibi alidai aitie mwenyewe.
Hajui kusoma. Jina langu alilijua kwa doa la uji.
Na mbele ya doa, nukta kumi na nne za mkaa,
kubwakubwa kama punje, zimekandamizwa
hata karatasi imetoboka mahali pawili.

Padri akija nitamuuliza kama hiyo ni teolojia.
Mimi najua hili tu: niliitwa,
sikuwa na mdomo wa kuitika,
na mwingine akaitika.
Kama Mungu ana daftari, basi analiandika hivyo,
kwa mkaa, kwa kukandamiza.

Leo upepo wa Julai unapekua kurasa kabla yangu.
Nyamwanji. Yupo.
Masaka. Yupo; mtoto sasa anatembea, anatukanyagia rozari.
Mdachi Ng'hambi.

Lechipya anafungua kinywa, kikohozi kinamtangulia.
Amezeeka bibi. Anaitafuta pumzi, haioni.
Nje ya ua wa miiba mtu amesimama na baiskeli,
ameinama, anarudisha mnyororo ambao haujachomoka.
Simtazami sana, asije akaondoka.

"Yupo," nasema mimi,
naandika.